Kuruwa ikikatika porini, anayelipa si mwenye gari

Komanda, Ituri – Gari ikizimika katikati ya Komanda na Luna, hapo hakuna garaji. Msafara hauwezi kusimama siku nzima juu ya gari moja. Wanaobaki pembeni ya msitu ni wamama, watoto, sufuria na magodoro. Kila mkaaji wa huku anajua kipande hicho cha RN4. Mwezi wa Septemba 2021 msafara ulishambuliwa hapo, na ulikuwa na ulinzi. Sasa yule anayebaki nyuma na gari iliyokufa, bila ulinzi, afanye nini?

Juu ya wenye silaha tunasema kila siku, na ni lazima tuseme. Lakini leo tusemane sisi kwa sisi. Kuna wenye gari wanaobeba watu na moteri ambayo kuruwa yake imechoka. Fundi amewaambia. Shofa amewaambia. Na asubuhi bado wanaita: "Beni, Beni, nafasi mbili!" Huo si umaskini, wala si bahati mbaya. Ni kucheza na maisha ya watu ambao wamekwisha kupoteza kila kitu.

Kwa wasiojua, kuruwa ninayosema si ile ya nje inayozungusha alternateri. Ni ile ya ndani, mkanda wa mpira wenye meno, unaofunikwa na kifuniko mbele ya moteri. Kazi yake ni kufunga pamoja mti wa chini unaopandisha pistoni na mti wa juu unaofungua supapa. Moteri ikizunguka mara 2,000 kwa dakika moja, kila supapa inafunguka mara 1,000 kwa dakika hiyo hiyo, na kila mara inapaswa kutoka njiani kabla pistoni haijafika. Mpira huo ndio unaohesabu. Ukikatika, ao meno yakiruka, supapa zinabaki wazi na pistoni inazipiga. Kwa moteri za mazutu karibu zote, hapo supapa zinapinda, na mara nyingine kilasi na pistoni vinaharibika pamoja.

Na si moteri tu. Moteri ikizimika ghafla, usukani unakuwa mzito. Breki inabaki na nguvu kwa mikanyago michache, kisha nayo inakuwa ngumu. Fikirieni Hiace iliyojaa watu, mizigo juu, inashuka mlima wakati wa mvua.

Sasa tusikie visingizio, maana viko vingi.

Cha kwanza: "Gari bado inatembea vizuri." Ndiyo, kuruwa iko hivyo. Haipigi kelele kama beringi wala haipunguki pole pole kama tairi. Inaweza kutembea vizuri asubuhi na kukatika saa sita. Toyota yenyewe inajua, ndiyo sababu kwenye gari zake nyingi za mazutu iliweka taa kwenye tablo iliyoandikwa T-BELT. Kwa nyingi inawaka kwenye kilomita 100,000. Lakini taa ile haioni mpira. Inahesabu kilomita tu. Na tunajua wanayofanya wengine: taa ikiwaka wanaizima, ao wanatoa balbu. Wamezima taa, kuruwa ni ile ile.

Cha pili: "Gari imetoka Japani juzi, ina kilomita kidogo." Nani alihesabu? Gari zetu ni za okazio. Zimepita bandari ya Mombasa ao Dar es Salaam, zimepita mikono mingi, na kilomita za kwenye tablo zinaweza kurudishwa nyuma. Hata kama ni za kweli, mpira unazeeka pia kwa miaka. Mafundi wengi wanasema miaka mitano mpaka saba, hata kama gari ilikuwa imelala. Ongezeni vumbi letu, joto, na mafuta yanayovuja juu ya mpira. Kuruwa iliyolowa mafuta haifikishi kilomita zilizoandikwa kwenye kitabu. Kwa hiyo sheria ni moja: ukinunua gari ya okazio na hakuna karatasi ya kuonyesha siku kuruwa ilibadilishwa, hesabu ya kama haijabadilishwa. Badilisha kabla ya kubeba abiria wa kwanza.

Cha tatu: "Moteri yangu ni ya esansi, kuruwa ikikatika haifi." Ni kweli kwa baadhi, kama 4A-FE na 3S-FE za Toyota, ambazo mara nyingi supapa hazigusi pistoni. Na kuna zingine, kama 1NZ-FE iliyo ndani ya Probox nyingi, zinazotumia cheni na hazina kuruwa hiyo kabisa. Lakini angalieni anayesema hivyo anachunga nini. Anachunga moteri yake. Abiria amebaki porini vile vile. Kwa mama mwenye watoto wanne barabarani saa kumi na moja ya jioni, supapa zilizopona hazisaidii kitu.

Cha nne ndicho kikubwa: "Pesa hakuna. Mazutu ni bei kali, bariere ni nyingi, barabara imekufa." Hayo ni kweli, na sitayakataa. Lakini tupige hesabu. Kuruwa mpya na gale yake, na kazi ya fundi ya siku moja, ni upande mmoja. Upande wa pili weka supapa, kazi ya kilasi, jwenti mpya, kuvuta gari mpaka mjini na wiki nyingi bila kazi. Kila fundi atakuambia upande gani ni mzito. Mwenye gari asiyebadilisha haokoi pesa. Anakopa, na ameweka abiria kuwa dhamana bila kuwauliza.

Na wewe fundi, usijifiche nyuma ya mwenye gari. Unajua ya kama kuruwa iliyotolewa kwenye moteri iliyobomolewa si piesi, ni takataka, hata ukiipanguza ikang'aa. Unajua ya kama kuweka kuruwa mpya juu ya gale ya zamani inayolia ni kazi nusu. Unajua ya kama mpira wa kuzuia mafuta ukivuja lazima ubadilishwe siku hiyo hiyo, na pompe ya maji iangaliwe kwa zile gari ambazo kuruwa hiyo ndiyo inaizungusha. Ukikubali kufanya nusu, sema wazi mbele ya shofa ya kama gari haipaswi kubeba watu.

Watu watasema: abiria nao wachague gari nzuri. Maneno hayo yanafaa kwa mfanyabiashara anayetoka Bunia na dola mfukoni. Familia iliyokimbia usiku haichagui. Inapanda gari ya kwanza inayokubali mizigo yake, na mara nyingi inalipa bei ya juu juu ya magodoro na mbuzi mmoja. Gari ikifa njiani, nauli hairudi. Wanatafuta gari ya pili na hawana ya kulipa. Ndiyo maana mzigo huu hauwezi kuwekwa juu ya mabega yao. Asiye na nafasi ya kuchagua ndiye anapaswa kuchungwa na yule mwenye nafasi.

Kwenye bariere gari inaulizwa asiransi, vinyeti, na karatasi zote. Nani anauliza kuruwa? Karatasi haizungushi moteri.

Tunaomba mambo manne, na hakuna hata moja linalohitaji mradi wa wazungu.

Mashirika ya mashofa, ACCO ikiwa ya kwanza: kila gari ya abiria iwe na kibandiko ndani ya boneti, kilichoandikwa siku na kilomita ambazo kuruwa ilibadilishwa, pamoja na sahihi ya fundi. Gari isiyo na kibandiko isipangwe kwenye msafara.

Mashirika ya misaada yanayokodi gari za kubeba watu ao chakula: andikeni jambo hilo kwenye mkataba. Mnaangalia tairi na mikanda ya viti. Fungueni na kifuniko cha kuruwa. Kwa gari nyingi, kile cha juu ni bulo chache tu.

Wenye gari: nauli ya aliyeachwa njiani irudishwe ile siku, bila mabishano.

Na mashofa, ndugu zetu: moteri ikizimika mara moja, na ukipiga stata inazunguka nyepesi na haraka bila kushika, acheni. Msirudie, na msiwashushe wababa kusukuma. Kila mzunguko unaweza kupinda supapa ambayo ilikuwa bado nzima. Ondoeni watu barabarani kwanza, wapigieni simu walio mbele kwenye msafara, moteri itangoja.

Vita hatujui itaisha siku gani. Siku ya kubadilisha kuruwa inajulikana: imeandikwa kwenye kitabu cha gari, na taa inaikumbusha. Mwenye gari anayeijua siku hiyo na kuipita, asiseme tena mbele ya wafiwa ya kama ni mapenzi ya Mungu.