Nyumba ya Warithi Ishirini na Watatu



Wasomaji wetu watatuwia radhi kwa kuwakosa juma lililopita. Tulikuwa safarini Omani, tukimsindikiza mama yetu mzazi kuwazuru jamaa zake ambao hakuwatia machoni kwa miaka mingi. Katika siku zile chache Mwenyezi Mungu alitujaalia kufika Nizwa, mji wa kale ulioko bara, chini ya Jabal Akhdar, yapata kilomita 150 kutoka Maskati. Tuliyoyaona huko ni mengi, lakini leo tunataka kusimulia nusu saa moja tu. Nusu saa hiyo tumerudi nayo nyumbani, na tunadhani wako wasomaji wengi itakaowahusu.

Mama ana miaka 76, na magoti yake hayamruhusu tena kupanda ngazi. Tulipoizuru ngome ya Nizwa, yeye aliketi kivulini na tasbihi yake, akitungoja. Tuliposhuka tuliona haya. Tumemleta mzazi safari ndefu namna ile, naye amekuwa mlinzi wa mikoba yetu. Kando tu ya ngome hiyo uko mtaa wa kale uitwao Harat al-Aqr, mtaa wa nyumba za udongo uliozungukwa na ukuta, na hapo tulivikuta vigari vidogo vya umeme, vilivyo wazi pembeni, vinavyowatembeza wageni pamoja na mwongozaji. Tukakodi kimoja.

Dereva, ambaye ndiye mwongozaji, alikuwa kijana asiyefika miaka thelathini, mwenye kanzu nyeupe na kofia ya kudariziwa. Aliposikia tukishauriana namna ya kumpandisha mama, alishuka, akamshika mkono, akasema kwa Kiswahili cha Unguja kisicho na doa: "Shikamoo bibi. Taratibu, mguu huu kwanza." Mama aliitikia marahaba kabla hajawahi kushangaa. Bibi yake kijana yule alizaliwa Unguja, akahamia Omani katika miaka ya 1970, kama walivyofanya wengi baada ya Sultani Qaboos kushika utawala mwaka 1970 na kuwaita Waomani walioko nje warudi kuijenga nchi. "Nyumbani kwetu Kiarabu ni lugha ya kila siku," alituambia, "lakini bibi akikasirika, ni Kiswahili."

Kigari kikaondoka kwa mwendo wa mtu mzima anayekwenda msikitini mapema kabla ya adhana. Nyuma yetu ulibaki mnara mkubwa wa ngome, uliojengwa katika karne ya 17 na Imamu Sultan bin Seif al-Yaarubi, kazi iliyochukua miaka 12. Huyu ndiye aliyewatoa Wareno Maskati mwaka 1650, na mwanawe, Imamu Seif bin Sultan, ndiye ambaye majeshi yake yaliitwaa Ngome ya Yesu ya Mombasa mwaka 1698. Watoto wetu, waliokuwa wameinamia simu tangu asubuhi, waliinua vichwa waliposikia jina la Mombasa.

Vichochoro vya Harat al-Aqr ni vyembamba, na mahali pengine abiria anaweza kuugusa ukuta. Nyumba zimejengwa kwa matofali ya udongo uliochanganywa na majani makavu, zikapakwa udongo juu yake, na dari zimeshikwa na magogo ya mitende. Mama alizitazama dari zile, akatukumbusha kuwa kwetu pwani dari za nyumba za mawe hushikwa na boriti za mikoko, na kwamba boriti za Lamu na za Rufiji zilikuwa zikipakiwa majahazini kwenda huko huko Ghuba. Mwongozaji alicheka, akasema basi huenda tumekuja kudai boriti zetu.

Mahali pamoja mwanetu wa kiume, mwenye miaka kumi, aliruka chini akataka kuusukuma mlango wa zamani apate kuchungulia ndani. Kijana alimzuia kwa upole: "Ngoja, baba. Humo mna watu." Nyumba nyingi za mtaa ule zimekuwa za wageni au za biashara, lakini nyingine zingali na wenyewe wanaopika na kulala humo. Mtoto alirudi ameona haya. Tulimkumbusha adabu aliyofundishwa madrasa kutoka Surat an-Nur, kwamba nyumba isiyo yako huiingii mpaka ubishe hodi, utoe salamu na upewe ruhusa. Tunakiri kuwa na sisi wakubwa tulikuwa tumekwisha kuzielekeza simu zetu kwenye madirisha ya watu. Tukazirudisha mifukoni.

Kisha kigari kilisimama penye mfereji wa falaji. Maji yalikuwa yakipita kimya, maangavu, upana wake kama dhiraa moja. Maji ya falaji hutolewa mbali na mji, chini ya ardhi au bondeni, yakaongozwa kwa mteremko mdogo, bila mashine yoyote, mpaka kwenye makazi na mashamba. Omani ingali na falaji zipatazo 3,000 zinazofanya kazi, na mwaka 2006 UNESCO iliziingiza tano katika orodha ya urithi wa dunia, mojawapo ikiwa Falaj Daris ya hapo hapo Nizwa. Mwongozaji alitueleza utaratibu wake. Mahali maji yanapotokeza kwanza ni pa kuteka ya kunywa, na hapo watu wote ni sawa. Hufuata msikiti na mahali pa kuogea, na mwisho kabisa ni mitende. Shambani kila mwenye haki hupata maji kwa zamu, na zamu hupimwa kwa kipimo kiitwacho athari, ambacho ni kiasi cha nusu saa. Wazee walikipima kwa kivuli mchana na kwa nyota usiku. Baadhi ya zamu hizo zimewekwa wakfu. Hukodishwa kwa mnada, na fedha zake hulipia kusafisha na kutengeneza mfereji, chini ya wakili anayeaminiwa na wote.

Mama aliyatazama maji yale kwa muda. Hakusema kitu.

Tulipokata kona tulizikuta nyumba mbili zilizopakana. Moja imekarabatiwa, kuta zake laini, taa ndogo juu ya mlango. Ya pili imeanguka, imebaki kuta tatu na dirisha moja linalotazama mbingu. Binti yetu aliuliza ni vita gani viliyoiangusha. Mwongozaji alijibu kuwa havikuwa vita. Barabara na umeme vilipokuja, watu walijenga nyumba mpya nje ya ukuta, zenye nafasi ya gari, wala hakuna wa kuwalaumu. Wazee waliobaki wakafariki mmoja baada ya mwingine. Warithi wakaongezeka, mafungu yakapungua, na nyumba ya udongo inataka kupakwa udongo kila baada ya muda. "Kila mmoja akajiuliza: kwa nini nitengeneze mimi peke yangu nyumba ya watu ishirini? Mvua ikapata nafasi darini. Dari ikishaanguka, bibi, kuta hazikai."

"Na hii nyingine?" mama aliuliza. "Hii haikuwa na warithi?"

"Hii ina warithi ishirini na watatu. Mama yangu ni mmoja wao."

Akatusimulia. Wenyeji wa mtaa walipoanza kuchanga mitaji yao kuzifufua nyumba zile, warithi hawa walikuwa wametawanyika, wengine Maskati, wengine Dubai, wengine Unguja. Waliandika majina yote, wakamwendea kadhi ili kila mmoja ajue fungu lake, wakamweka mmoja wao kuwa wakili. Hawakuuza. Waliikodisha kwa miaka maalumu kwa wale wenye kuikarabati, kwa mkataba ulioandikwa, na muda ukiisha nyumba itawarudia. Kodi hugawanywa kila mwaka kwa mafungu yale yale. "Fungu la mama halitoshi kununua mbuzi," alisema, "lakini siku ya kugawana wanakutana wote, na mbuzi anachinjwa na anayejaaliwa."

Mama aliuliza swali ambalo sisi hatukulitarajia. "Na yule aliyekuwa hataki? Hapakosekani asiyetaka."

"Alikuwapo, bibi. Mjomba wake mama. Walimfuata nyumbani kwake mara tatu. Mara ya kwanza walimpelekea karatasi, akawafukuza. Ya pili walikwenda na wazee wa mtaa, akawasikiliza wala hakujibu. Ya tatu alikuwa mgonjwa. Walikwenda kumjulia hali tu, wakakaa naye mpaka Magharibi, na hakuna aliyeitaja nyumba. Walipoaga ndipo alipoitaja mwenyewe."

Ziara ilimalizikia kwenye kibaraza, kwa tende na kahawa chungu yenye harufu ya iliki. Mwanetu alijaziwa kikombe mara nne, amefumba macho kwa uchungu, mpaka alipofundishwa kuwa mgeni aliyetosheka hukitikisa kikombe kabla ya kukirudisha. Sote tulicheka isipokuwa mama, ambaye mawazo yake hayakuwa pale.

Hatuna budi kuwaeleza wasomaji alikuwa wapi. Katika mji wetu wa pwani iko nyumba ya babu yetu, ya ghorofa moja, yenye mlango wa nakshi. Babu alifariki mwaka 1989. Aliacha watoto saba, wawili wamekwisha kutangulia mbele ya haki na watoto wao wameingia katika mirathi. Tangu siku ile mafungu hayajapata kugawanywa. Masika ya mwaka juzi dari ya chumba cha nyuma ilianguka. Mjomba wetu mdogo anataka iuzwe, mama hataki, na kwa miaka minne ndugu hawa wawili waliolala kitanda kimoja utotoni hawasemezani ila kwa salamu za matangani. Tunakiri kwamba na sisi, watoto wa mama, hatukuwa wapatanishi. Kila mjomba aliponena neno, tulilifikisha kwa mama na kuliongezea chumvi.

Usiku ule, baada ya Isha, mama aliomba simu. Alimpigia mjomba. Tulimsikia akimuuliza habari za sukari yake, na kama bado anakula wali usiku licha ya kukatazwa na daktari, na kama mke wake amepona mgongo. Nyumba hakuitaja. Walizungumza dakika kumi na mbili. Alipokata simu alisema tu, "Amenenepa sauti," akajilaza.

Tusiwadanganye wasomaji kuwa mambo yamekwisha. Tumerudi, na dari iliyoanguka ingali sakafuni. Lakini Jumanne mjomba alikuja kuchukua fungu lake la tende za Nizwa, akakaa mpaka alasiri. Sisi watoto tulikaa kimya, ambalo ndilo jambo jema la kwanza tulilolifanya katika shauri hili.

Tumefikiri sana kwa nini katika mtaa ule maji yangali yakipita huku nyumba nyingi zilikuwa zimekwisha kuanguka. Falaji ilitengewa tangu zamani fungu la matengenezo na mtu wa kuisimamia. Kila anayekunywa anajua ni nani anayesafisha na kwa fedha ipi. Nyumba za urithi hatuziwekei hayo. Tunamzika mzazi, tunasoma hitima, tunarudi makwetu, na boriti tunaziachia zamu isiyo na mwenyewe. Qur'ani imetubainishia mafungu ya warithi katika Surat an-Nisaa, baada ya kulipwa madeni na kutekelezwa wasia. Hesabu imekwisha kufanywa. Kilichobaki juu yetu ni kukaa kitako.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kama iko nyumba ya namna hii katika ukoo wako, andikeni majina ya warithi wote maadamu wako wazee wanaowafahamu. Mwendeeni kadhi au mwanachuoni mnayemwamini, kila mmoja alijue fungu lake. Wekeni wakili mmoja, na katika kila kodi inayoingia tengeni kwanza sehemu ya dari. Na yule asiyetaka, mfuateni. Mkimkuta mgonjwa, kaeni naye mpaka Magharibi.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awarehemu wazee waliotujengea, atuunganishe sisi tuliobaki, na asizifanye nyumba zao kuwa sababu ya kuukata udugu waliotuachia. Amin. Tukutane juma lijalo, inshaAllah.