Ada ya mhasibu si hasara

Wafanyabiashara wengi wadogo nchini Kenya huona ada ya mhasibu kuwa mzigo. Sheria huruhusu ada hiyo iondolewe kwenye faida kabla ya kodi, ila si kwa anayelipa kodi ya mauzo ghafi, ambayo tangu Julai 2023 ni asilimia 3 bila kuondoa gharama yoyote.

Chukua kampuni ya kuuza unga: mauzo Sh milioni 10, faida Sh 500,000. Kodi ya mauzo ghafi ni Sh 300,000. Ikimwandikia Kamishna ijitoe, na kumlipa mhasibu Sh 60,000, kodi ya asilimia 30 itakuwa Sh 132,000. Jumla ni Sh 192,000.

Faida ikizidi sana asilimia 10 ya mauzo, abaki alipo. Mwenye faida kiduchu atunze stakabadhi, amtafute mhasibu.