Lens: ekipe ya watu wa mine, pointi moja nyuma ya Paris

Shampiona ya Ufaransa ilikwisha tarehe 3 Juni 2023, na Paris Saint-Germain njo ilikuwa bingwa tena. Pointi 85. Nyuma yake kulikuwa Lens, pointi 84. Juu ya Paris hatutasema mengi: ekipe ilikuwa na Messi, Neymar na Mbappé, na bijeti yake ilipita ile ya Lens zaidi ya mara kumi. Kupata kikombe si ajabu. Ajabu ni Lens, na kwa sisi wa mine ile habari inatuhusu.

Kwanza tuseme wazi neno hili la "pointi moja", juu vijana wanabishana vibaya. Lens haikukosa kikombe siku ya mwisho. Kabla ya ile siku Paris ilikuwa na 85, Lens 81. Paris ilishakuwa bingwa wiki moja mbele, kwa sare ya 1-1 kule Strasbourg. Siku ya mwisho ikapigwa 3-2 na Clermont nyumbani kwake, Lens ikashinda 3-1 ku Auxerre, na tofauti ikabaki pointi moja. Kumbe kikombe kilipotea mapema.

Kilipotea wapi? Tarehe 15 Aprili, mu Parc des Princes. Siku ile Paris ilikuwa na 69, Lens 63. Lens ilianza vizuri, haikuogopa mtu. Dakika ya 19, Salis Abdul Samed, kijana wa Ghana, akapewa kadi nyekundu. Wakabaki kumi. Paris ikafunga mara tatu mbele ya mapumziko, ndani ya dakika kumi hivi, na mechi ikaisha 3-1. Tofauti ikawa pointi 9.

Sasa angalia kilichofuata. Lens ikashinda mechi zake zote saba zilizobaki: Monaco, Toulouse, Marseille, Reims, Lorient, Ajaccio, Auxerre. Saba kwa saba! Chukua karatasi upige hesabu: kama ile mechi ya Paris ingeisha sare tu, mwisho wa msimu Paris ingekuwa na 83, Lens 85. Ni hesabu ya karatasi, najua; Paris yenye kusukumwa pengine ingecheza kwa nguvu zaidi mu mechi za mwisho. Lakini inaonyesha bei ya kosa moja la dakika ya 19.

Na si pale peke yake. Siku ya mwaka mpya Lens iliipiga Paris 3-1, na Paris ilikuwa haijapoteza mechi hata moja ya shampiona msimu ule. Mji wote ukaota. Halafu mwisho wa Januari na mwanzo wa Februari zikapita mechi nne bila ushindi: Troyes, Nice, Brest, Lyon. Troyes ilishuka daraja. Ajaccio, iliyotoka 0-0 na Lens mu Agosti, nayo ilishuka. Wanaofanya kazi kwa tani wanaelewa: mashine ikisimama siku mbili, siku kubwa ya mwisho wa mwezi hairudishi kila kitu.

Nyumbani ilikuwa kitu kingine. Mechi 19, ushindi 17. Paka Nice njo ilitoka na ushindi, na Lille ikapata sare. Msimu mzima Lens ilifungwa magoli 29, hakuna ekipe iliyofungwa machache kuliko hayo. Mlinda lango Brice Samba alizaliwa Linzolo, ng'ambo ya mto, Congo-Brazzaville. Mbele kulikuwa Loïs Openda, magoli 21. Mu Machi ku Clermont alifunga matatu ndani ya dakika zisizofika tano. Katikati kapiteni alikuwa Seko Fofana. Kochi alikuwa Franck Haise, mtu asiye na makelele.

Mji wenyewe uko na watu 32 000 hivi. Uwanja wake, Bollaert, unachukua 38 000. Soma tena kama hukuamini. Ile uwanja ilijengwa miaka ya 1930 na wachimbaji waliokosa kazi, na jina ni la mkubwa mmoja wa kampuni ya mine ya Lens. Ku alama ya club kuko taa ya mchimbaji. Mbele ya kipindi cha pili, uwanja wote unaimba Les Corons, wimbo wa Pierre Bachelet juu ya nyumba za wachimbaji. Si mapambo: karibu na pale, ku Courrières, tarehe 10 Machi 1906, mine iliua watu 1 099 siku moja.

Halafu makaa yakaanza kukwisha. Mwaka 1969 kampuni ya makaa ikaacha kulipia club, na Lens ikapoteza hata cheo cha kuwa ekipe ya wachezaji wa kulipwa. Meya wa mji, André Delelis, njo aliishika, na uwanja kampuni ikauachia mji kwa franga moja ya jina tu. Shimo la mwisho la jimbo lile lilifungwa Desemba 1990. Mwaka 1998, hakuna tena mchimbaji anayeshuka, Lens ikapata kikombe chake cha pekee cha shampiona: pointi 68 sawa na Metz, ikashinda kwa hesabu ya magoli. Leo uwanja unaitwa Bollaert-Delelis, mtu wa kampuni na mtu wa mji pamoja.

Wazee wa kampi zetu hapa Katanga wanajua upande wa kwanza wa hadithi ile. Shule, hospitali, uwanja wa mpira, vyote vilikuwa vya kampuni, na kampuni ilipolegea, vyote vikalegea naye. Upande wa pili, ule wa Delelis, sisi hatujauona sana. Tuko na terril kama wao. Terril zao ziko mu orodha ya UNESCO tangu 2012.

Nisiwapake Lens asali. Club leo ni ya mtu wa fedha, Joseph Oughourlian, na kati ya 2011 na 2020 ilishuka daraja mara mbili. Mu Septemba 2023 ilicheza Champions League, mara ya kwanza tangu msimu wa 2002-2003. Lakini ekipe ya bijeti ndogo ikimaliza ya pili, wanunuzi wanapiga simu. Mimi nilimuangalia Openda, na nilimuangalia Fofana. Kama wote wawili wangekuwa bado Bollaert mwezi wa tisa, tungejua kama Lens ilitaka kikombe ao ilitaka franga.