Je, Tarakimu Humpunguzia Mlaji Chakula?

Mtu aliyeshikwa na njaa hana subira ya kusoma. Huingia hotelini, huvuta kiti, hutupia jicho orodha ya vyakula akitafuta mambo mawili tu: kile ambacho roho yake inakitaka, na bei ambayo mfuko wake unaweza kuihimili. Lakini iko miji mikubwa ambamo mlaji huyo huwekewa na jambo la tatu la kusoma, nalo ni hesabu ya kalori, yaani kipimo cha nguvu ambayo mwili utaipata katika chakula hicho. Je, ndugu msomaji, akiiona hesabu hiyo hubadili alichokusudia kula?

Mji wa New York, nchini Marekani, ulianza kazi hiyo mwaka 2008. Hoteli zote zenye matawi 15 au zaidi ziliamriwa kuandika kalori za kila chakula kwenye ubao na kwenye orodha, pale pale mteja anapoagizia. Mwezi Mei 2018 amri ya namna hiyo ikaenea Marekani nzima, kwa hoteli zenye matawi 20 na kuendelea. England nayo ikafuata mwezi Aprili 2022, kwa makampuni yenye wafanyakazi 250 au zaidi.

Nia ilikuwa njema, wala haikukosa sababu. Anayepika nyumbani huona kwa macho yake mafuta anayoyamimina. Hotelini mafuta hayaonekani. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya kupikia kina kalori zipatazo 120, na viazi vikishakaangwa hakuna ajuaye ni vijiko vingapi vimenyonywa humo. Mtu mzima hukadiriwa kuhitaji kalori 2,000 hivi kwa siku, akizidi au kupungukiwa kulingana na umbo lake na kazi yake. Naye mpagazi hawezi kulinganishwa na karani anayeshinda kitini. Kwa hiyo watunga sheria walidhani kwamba mlaji akielezwa ukweli atajichagulia vema.

Mambo hayakwenda hivyo. Mara tu baada ya amri ya New York, watafiti walisimama kwenye milango ya hoteli za vyakula vya haraka, katika mitaa ya watu wa kipato cha chini, wakikusanya stakabadhi za wateja. Nusu hivi ya wateja walisema wameziona tarakimu. Miongoni mwa hao walioziona, kama robo walisema zimewaongoza katika kuchagua. Lakini stakabadhi zenyewe zilipojumlishwa, kalori zilizonunuliwa hazikuwa zimepungua! Katika maduka ya kahawa ya Starbucks mambo yalikuwa na nafuu kidogo: kalori kwa kila mteja zilipungua kwa asilimia 6, na karibu upungufu wote ulitokana na vitafunio. Vinywaji havikuguswa. Mtu aliacha keki, kahawa yake yenye sukari na maziwa akabaki nayo.

Tangu wakati huo uchunguzi umefanywa mara nyingi. Mwaka 2025 wataalamu wa Cochrane, ambao kazi yao ni kukusanya na kupima matokeo ya uchunguzi wa wenzao, walikadiria kwamba tarakimu hizo hupunguza kalori zinazochaguliwa kwa asilimia 1.8. Katika mlo wa kalori 600 hizo ni kalori 11 tu, wakati kijiko kimoja cha chai cha sukari kina kalori 16 hivi.

Wako watakaosema, basi jambo lenyewe ni bure. Mimi siafiki. Kwanza, kidogo kinachorudiwa kila siku na mamilioni ya watu si kidogo. Pili, pengine tumekuwa tukimtazama mtu asiyehusika. Mwenye hoteli naye anazisoma tarakimu hizo, tena kwa makini kuliko mteja wake. Hapendi chakula chake kionekane mbele ya umma kikiwa na kalori 1,500, na huko Marekani imeonekana kwamba vyakula vipya vilivyoingizwa baada ya amri vilikuwa na kalori pungufu kuliko vipya vya awali. Mteja hufaidika hapo pasipo kusoma herufi hata moja.

Hata mahali pa kuiandika tarakimu pana maana yake. Katika uchunguzi uliotolewa mwaka 2019, kalori zilipoandikwa kushoto kwa jina la chakula, Wamarekani waliagiza kalori chache kuliko zilipoandikwa kulia. Kwa wasomaji wa Kiebrania, ambao husoma kutoka kulia, mambo yalipinduka. Macho yakikutana na jina la chakula kwanza, tumbo limekwisha kuamua.

Lakini liko jambo ambalo familia yenye mgonjwa wa shinikizo la damu yapasa ilijue. Kalori hazisemi neno lolote juu ya chumvi. Bakuli la supu laweza kuwa na kalori chache mno na chumvi tele, na mgonjwa akalinywa kwa furaha akidhani amefuata maagizo ya daktari. New York waliliona hilo, na mwezi Desemba 2015 wakaanza kuzitaka hoteli zenye matawi mengi zichore alama ya kichupa cha chumvi kando ya chakula chochote chenye sodiamu ya miligramu 2,300 au zaidi. Kiasi hicho ni sawa na kijiko kimoja cha chai cha chumvi, nacho ndicho kikomo cha siku nzima, si cha sahani moja.

Kwa mama ntilie hakuna ubao wala alama, ila mpishi mwenyewe yuko mbele yako na sufuria zake ziko wazi. Mwenye ugonjwa huo aweza kumwuliza, tena mapema, kabla sahani haijajazwa. Mchuzi uliokwisha kutiwa chumvi asubuhi hauwezi kutolewa chumvi. Lakini kachumbari, mayai na nyama ya kuchoma hutiwa chumvi dakika ya mwisho, na hapo neno la mteja husikilizwa.