AFYA YA NYUMBANI: Mgonjwa Asilazimishwe Tonge



Hospitali ya Taifa Muhimbili, huko Mloganzila, imewapasua wagonjwa waliozidiwa na unene ili kupunguza uzito wao. Mgonjwa hurudi kwake na tumbo jipya, lakini sinia ni lile lile. Hapo ndipo mtihani unapoanza.

Bibi mmoja wa Kirumba, hapa Mwanza, alirejea kwake akiwa katika wiki ya tatu. Wifi zake wakampikia, kwa mapenzi, ugali wa muhogo na sato wa kukaanga. Wakamhimiza: "Kula, wifi, umekonda mno!" Akaona haya kukataa. Matonge mawili tu yakamkwama kifuani, mate yakamjaa kinywani, akatapika hata akatokwa na machozi. Siku ya pili aliogopa hata maji, na watu wakasema anadeka.

La, hakuwa akideka. Katika upasuaji ufanywao zaidi duniani, karibu robo tatu ya mfuko wa tumbo au zaidi huondolewa, ukabaki mwembamba kama ndizi, nao ungali na kidonda. Kwa hiyo mgonjwa huanza na vitu vya maji, kisha vilivyopondwa, kisha vilivyo laini. Chakula cha kawaida huja baada ya wiki sita hadi nane, na kila daraja yataka idhini ya daktari wake.

Wakati wake wa kula ukifika, atie kidogo kinywani, atafune sana, na asimalize chini ya dakika ishirini. Akihisi kubanwa, aache hapo hapo. Maji asiyanywe pamoja na chakula. Angoje nusu saa, kisha ayanywe kwa funda ndogo ndogo mchana kutwa. Atangulize vyakula vya kujenga mwili: Ziwa letu latupa sato na sangara, wachemshwe na kuondolewa miiba, yai na maziwa navyo ni vyema. Ugali, wali na mkate ndivyo hukwama upesi. Sharubati tamu na kaimati zaweza kumletea kizunguzungu, jasho na kuharisha. Dawa za vitamini alizoandikiwa asiziache hata akijiona mzima.

Akishindwa kuzuia hata maji tumboni, au akipata homa, maumivu makali au moyo kwenda mbio, apelekwe hospitali siku ile ile. Bugando si mbali nasi. Kutapika kwa siku nyingi humaliza vitamini B1 mwilini, na upungufu huo waweza kudhuru ubongo na mishipa ya fahamu.

Nanyi wa nyumbani, jueni kwamba ukarimu si kumlazimisha mtu kula. Mtume wetu (s.a.w.) alifundisha kuwa matonge machache yanayomsimamisha mtu yamtosha. Basi mbona twamwonea aibu anayekula machache? Mtengeeni kisahani chake, kaeni naye, wala msimhesabie. Na Ramadhani ikimkuta bado mdhaifu, Mwenyezi Mungu amempa mgonjwa ruhusa ya kufungua na kulipa siku nyingine. Asiione ruhusa hiyo kuwa upungufu wa imani.

Yule bibi sasa hula uji na samaki wa kupondwa kwa kijiko kidogo, na wifi yake mkubwa ndiye amzuiaye wageni wasimhimize.