Skripti ikisema "Tayari", usiiamini bado

Vijana wenzangu, na ninyi wafanyakazi wa mashirika mnaotusoma, leo naandika juu ya kosa langu mwenyewe.

Hapa kambini siku ya mgao ilisogezwa mbele. Sisi wa kujitolea tukarekodi tangazo kwa simu: Kiswahili, Kibembe na Kirundi. Mimi nina skripti yangu fupi ya Python. Yenyewe haijui kugeuza sauti. Inaita programu nyingine, ffmpeg, ndiyo inageuza kila faili kuwa MP3, halafu skripti inaandika "Tayari". Ikaandika Tayari. Nikachomoa flashi, nikampa mwenye spika, nikaenda zangu.

Siku ya zamani ilipofika, bibi mmoja Mrundi alikuja na gunia lake asubuhi na mapema. Akakuta pamefungwa. Akarudi na gunia tupu, na kwake ni mbali. Tangazo la Kirundi halikuwemo kwenye flashi.

Nini kilitokea? Faili liliitwa "mgao kirundi", lina nafasi katikati. Nilitumia os.system, ambayo inapeleka amri nzima kwenye shell kama mstari mmoja, na shell inakata mstari kwenye kila nafasi. Basi ffmpeg ikatafuta faili linaloitwa "mgao" tu, ikalikosa, ikaacha kazi. Programu ikimaliza huwa inarudisha namba: 0 ni kwamba imefaulu, namba nyingine ni kwamba kuna shida. Namba ya shida ilirudi. Ni mimi sikuiuliza.

Kuna wenzangu wanasema, "Kaka, huku ni kambini, ikitembea inatosha." Mimi nakataa. Mtu wa mjini akikosa tangazo moja, atalipata kwenye redio au kwa jirani mwenye bando. Yule bibi alikuwa na ile spika tu.

Kwa hiyo wanaoandika skripti, fanyeni hivi. Tumieni subprocess.run, na amri muiandike kama orodha, kila neno peke yake, ili jina lenye nafasi lisikatwe. Wekeni check=True, programu ikishindwa skripti isimame palepale badala ya kuwadanganya. Wekeni na timeout, isije ikasubiri milele. Halafu hesabuni mafaili: yameingia matatu, yametoka mangapi? Mwisho, sikilizeni kila moja kwa masikio yenu kabla flashi haijatoka mlangoni.

Na ninyi mnaotufundisha kompyuta, nawaomba jambo moja. Mnatufundisha jinsi ya kuita programu, tunashangilia, tunapata cheti. Tufundisheni siku ya kwanza pia jinsi ya kujua kama imeshindwa. Kutuma kazi ni nusu tu. Nusu nyingine ni kungoja jibu.

Bibi nilienda kumwomba msamaha. Akaniuliza tu, "Mjukuu wangu, mara nyingine mtatuambia?" Nikamwambia ndiyo.