Madigadi ya Nyuma si Pambo



Wako wenzetu wanaopeleka barua na vifurushi kwa pikipiki ya tajiri. Mvua ikinyesha, tairi la nyuma hurusha matope na changarawe juu ya shokamzoba. Mchanga hula chuma chake, mafuta huanza kuvuja. Hapo tajiri husema: "Umeharibu, nakukata mshahara." Je, hiyo ni haki?

Dawa iko. Ni ile madigadi ndogo inayofungwa kwenye mkono unaoshika gurudumu la nyuma, ikapanda na kushuka pamoja na gurudumu. Ichaguliwe ya plastiki nene, iliyotengenezwa kwa pikipiki ya aina ile ile. Fundi asitoboe mkono huo. Isibane tairi, hasa penye udongo mweusi, maana udongo ule hujaa ndani na kulifunga gurudumu. Isiguse cheni wala paipu ya breki. Kisha wapande watu wawili, muone kama inagonga popote. Na kila cheni ikikazwa, gurudumu husogea nyuma, itazameni tena.

Nani alipe? Twasema ni mwenye pikipiki. Kwa mali iliyoharibika, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yaruhusu kukata mshahara pale tu mfanyakazi alipokosa kwa makusudi. Matope ya barabarani si makusudi ya mtu.

Basi ndugu, ukiletewa karatasi ya kukatwa, usitie sahihi kwa hofu. Mwone kwanza mwakilishi wa chama.

Umoja ni nguvu.